Nguvu za Mume Si Mbegu: Barua Kutoka Kombewa



Mwezi wa Mfunguo Mosi ilitufikia barua ya kurasa sita, imeandikwa kwa mkono. Mwandishi wake ni dada yetu, mzaliwa wa Pwani, aliyeolewa miaka minne iliyopita na kijana wa Kombewa, kule Seme, kando ya barabara itokayo Kisian kuelekea Bondo, magharibi ya mji wa Kisumu. Mume ni Mjaluo aliyesilimu kabla ya ndoa yao, akatahiriwa akiwa mtu mzima. Kazi yake ni kununua samaki kwenye fukwe za ziwa na kuwasafirisha kwa lori hadi Nakuru na Nairobi. Miaka minne imepita na mtoto hajapatikana. Dada huyu ametupa idhini tuyaeleze haya kwa sharti tusimtaje, nasi tumelishika sharti lake.

Anasema ameshakunywa mizizi na magome ya kila namna. Amepelekwa kwenye zahanati moja, tusiyoitaja, akapimwa yeye peke yake, akauziwa dawa za kusafisha mirija bila ya mtu yeyote kuitazama hiyo mirija. Mavyaa wake, ambaye kwa mengine yote anamsifu kuwa ni mama mwema, ameanza kumshauri mwanawe atafute mke wa pili. Majirani nao wana lao: wanasema kile kisu cha tohara ndicho kilichomharibu kijana wa watu. Dada yetu anayakana maneno hayo ya majirani kwa hoja moja. Anaandika, kwa haya kubwa, kwamba mumewe ni mzima kabisa, hajawahi kushindwa na tendo la ndoa hata siku moja. Kwa hiyo, amejihukumu mwenyewe, kasoro lazima iwe kwake.

Ni hoja hiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Tumeisikia katika nyumba nyingi, kutoka Lamu hadi Vanga, na si kweli.

Tunajua wako watakaouliza kama gazeti la familia lapaswa kuyataja mambo haya. Tunawakumbusha Ummu Sulaym, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemwendea Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, na kumuuliza mbele ya watu kama mwanamke akiota ndoto ya utu uzima hupasiwa na josho. Hakukaripiwa. Alijibiwa wazi, na jibu lile limekuwa elimu kwa wanawake wa Kiislamu hadi leo. Haya ni katika imani, lakini haya inayomwacha mke anywe sumu ya magome kwa miaka minne imekwisha kuvuka mpaka wake.

Tuanze na lugha, kwani hapo ndipo penye mzizi wa kosa. Kiswahili chetu kina neno tasa, na tumemvika mwanamke. Kina neno hanithi, tumemvika mwanamume aliyeshindwa na tendo. Lakini mwanamume mwenye nguvu zake zote, anayemridhisha mkewe na kuridhika, ila maji yake hayana mbegu, huyo hatuna jina lake la mtaani. Na kisicho na jina hakisemwi, na kisichosemwa hakipimwi. Kumbe katika mwili wa mwanamume kuna kazi mbili mbalimbali, na moja yaweza kusimama barabara hali nyingine imelala.

Kazi ya kwanza ni ya mishipa na damu. Hamu inapoamka, ubongo hupeleka habari kwa njia ya mishipa ya fahamu iliyoko kwenye uti wa mgongo hadi kwenye uume. Huko, kuta za mishipa ya damu hulegea, damu ikamiminika ndani ya nyama mbili zilizo kama sifongo, nazo zikijaa huibana ile mishipa inayoirudisha damu, ikawa imezuiliwa humo. Ndiyo maana maradhi yanayoharibu mishipa ya damu, kama kisukari na shinikizo la damu, na uvutaji wa sigara pia, mara nyingi huonekana mapema katika jambo hili. Mume anayeanza kushindwa akiwa na miaka arobaini au hamsini huenda hakurogwa. Apimwe sukari na presha kwanza. Huzuni na hofu nazo huizima hamu, na mume anayelaumiwa hushindwa zaidi kwa kulaumiwa.

Kuhusu kisu cha tohara, majirani wa Kombewa hawana haja ya kwenda mbali kutafuta jawabu, kwani lilipatikana Kisumu kwenyewe. Kuanzia mwaka 2002 vijana 2,784 wa Kisumu, wenye umri wa miaka 18 hadi 24, waliingizwa kwa hiari yao katika utafiti mkubwa. Waligawanywa kwa kura: nusu wakatahiriwa mara moja, nusu wakangoja. Lengo kuu lilikuwa kujua kama tohara humkinga mwanamume na virusi vya UKIMWI, na ilipofika Disemba 2006 kinga hiyo ilikuwa imedhihirika kiasi cha utafiti kusimamishwa kabla ya wakati ili na wale waliosalia wapewe nafasi ya kutahiriwa. Lakini watafiti waliuliza pia juu ya tendo lenyewe: kusimama, kumaliza, maumivu, hamu. Mwanzoni karibu robo ya vijana katika kila kundi walikuwa na tatizo moja au jingine. Baada ya miaka miwili walibaki kama sita katika kila mia, katika makundi yote mawili sawasawa. Tohara haikuwaondolea kitu, na wengi wa waliotahiriwa walisema hisia zao zimeongezeka. Sisi ambao tumeirithi sunna hii kwa karne nyingi hatukungoja utafiti, lakini ni vyema mavyaa wa Seme ajue kuwa ushahidi uko mlangoni pake. Isitoshe, kisu cha tohara hakifiki mahali mbegu zinapotengenezwa.

Mahali hapo ni kwenye korodani, na hiyo ndiyo kazi ya pili. Mwenyezi Mungu amezining'iniza nje ya kiwiliwili kwa sababu mbegu hazistawi katika joto la ndani. Huhitaji ubaridi wa digrii mbili hivi, au zaidi kidogo, chini ya joto la mwili. Mbegu moja huchukua siku zipatazo sabini kuumbwa, kisha hukaa wiki moja au mbili katika mrija uliojikunja nyuma ya korodani hadi ipate uwezo wa kuogelea. Shikeni hesabu hiyo ya miezi mitatu, tutaihitaji mbele.

Sasa lije jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Yale manii yanayoonekana kwa macho karibu yote si mbegu. Sehemu kubwa, zaidi ya nusu, hutoka kwenye vifuko viwili vilivyo nyuma ya kibofu. Sehemu nyingine hutoka kwenye tezi dume. Kinachotoka kwenye korodani ni kiasi kidogo sana, kama sehemu tano katika mia au chini ya hapo. Kwa hiyo mwanamume ambaye hana mbegu hata moja atatoa maji yaleyale, kwa wingi uleule, kwa rangi ileile na kwa ladha ileile ya tendo. Yeye mwenyewe hawezi kujua. Mkewe hawezi kujua. Anayeweza kujua ni mtu wa maabara mwenye hadubini, basi.

Kwa upande wa mwanamke mambo yana mpango mwingine. Mwanamume hutengeneza mbegu kila siku hadi uzeeni, ilhali mtoto wa kike huzaliwa na mayai yake yote tumboni, milioni moja au mbili. Anapovunja ungo yamebaki laki tatu au nne, na katika umri wake wote ni kama mia nne tu yatakayopevuka na kutoka. Kila mwezi, yapata siku kumi na nne kabla ya hedhi ijayo, yai moja hupasuka kutoka kwenye kokwa lake na kudakwa na ncha ya mrija iliyo kama vidole. Mwangalie: kabla ya hedhi ijayo, si baada ya iliyopita. Mwenye mzunguko wa siku 28 yai lake hutoka kama siku ya 14, lakini mwenye mzunguko wa siku 35 hutoka kama siku ya 21, na wengi hupoteza miezi kwa kuhesabu vibaya.

Yai likitoka huishi saa 12 hadi 24 tu. Mbegu ya mume, kwa upande wake, yaweza kuishi ndani ya mwili wa mke hadi siku tano, ikihifadhiwa na ute ule mwororo wenye kuvutika kama weupe wa yai la kuku, ambao wanawake wengi huuona katikati ya mwezi. Maana yake ni kuwa kila mwezi zipo kama siku sita za kutarajia: tano kabla ya yai kutoka na ile ya kutoka. Tuliposoma kuwa mume wa dada yetu husafiri na samaki siku kumi au kumi na mbili, akarudi nyumbani siku mbili au tatu, tulichukua karatasi na kuhesabu pamoja naye tarehe alizotuandikia. Katika miezi minane aliyoikumbuka, mitano mume hakuwako kabisa katika siku hizo.

Safari ya mbegu nayo ni ya kustaajabisha. Mamilioni mengi hutiwa. Mengi hufa njiani, mengine hupotea kwenye mrija usio na yai. Zinazofika karibu na yai ni mamia machache. Tena hata hizo haziwezi kitu zinapoingia tu; lazima zikae ndani ya mwili wa mwanamke kwa saa kadhaa, mwili wake uzivue kifuniko fulani, ndipo zipate uwezo wa kulipenya ganda la yai. Ikishaingia moja, yai hubadilisha ganda lake papo hapo na kuzifungia nje nyingine zote. Hayo hutukia ndani ya mrija, kwenye sehemu yake pana, wala si katika mji wa mimba kama wengi wanavyodhani. Kisha kiumbe hicho kipya, kikigawanyika kila siku, hutembezwa na vinywele vya mrija, na kama siku sita au saba baadaye hujichimbia kwenye ukuta wa mji wa mimba.

Hapo tunajibu maswali mawili ambayo tunaulizwa na wanawake karibu kila mwezi. La kwanza: maji yanayotoka baada ya tendo si mimba inayomwagika. Mbegu zenye uwezo huingia kwenye shingo ya mji wa mimba ndani ya dakika chache, na yanayorudi ni maji tu. La pili: josho la janaba haliondoi mimba. Mke aoge kwa ajili ya sala ya alfajiri bila ya wasiwasi. Maji ya josho hayafiki huko.

Na kuhusu jinsia ya mtoto, tuseme kwa sentensi moja kwa sababu talaka zimetokea kwa jambo hili: mbegu ya mume ndiyo inayobeba alama ya mwanamume au ya mwanamke, yai la mke lina alama ya aina moja tu.

Ni nini basi huzuia? Kwa wanawake wa Afrika, uchunguzi mkubwa wa Shirika la Afya Duniani uliofanywa takriban miaka arobaini iliyopita ulionyesha kuwa bara letu ndilo lililoongoza kwa mirija iliyoziba, na sababu kuu ni maradhi ya zinaa yasiyotibiwa, kama kisonono na klamidia, pamoja na uchafuzi wa baada ya kujifungua au kuharibikiwa mimba. Klamidia hasa ni mwizi wa kimya. Mwanamke aweza kukaa nayo miaka bila ya kuumwa. Hedhi yake huja kwa wakati, yai hutoka, lakini njia imefungwa. Kwenye fukwe za ziwa hilo jambo hili lina uzito wake, kwa sababu ya ile desturi iitwayo jaboya, ambapo mwanamke muuza samaki hulazimika kumpa mvuvi mwili wake ndipo auziwe samaki. Tunaitaja si kwa kumshutumu mwanamke mwenye njaa. Tunaitaja kwa sababu maradhi hayo hayabaki ufukweni. Huingia nyumbani kwa mke ambaye hajawahi kutoka mlangoni, na kisha ni yeye anayeitwa tasa.

Sisi wa Pwani tusijione tumesalimika. Kichocho cha ziwani Kisumu ni kile cha matumbo zaidi, lakini kichocho cha mkojo, ambacho mayai ya mdudu wake huweza kuumiza via vya uzazi vya mwanamke, kiko kwetu, Kwale na Tana River.

Kwa wanaume, mbegu hupungua au kuisha kwa sababu nyingi: mishipa ya damu iliyovimba kwenye korodani, hasa ya kushoto, matumbwitumbwi yaliyompata baada ya kubaleghe na kushukia korodanini, maradhi ya zinaa yaliyoziba njia, joto jingi, sigara, pombe, bangi, na dawa za homoni wanazochoma vijana ili watunishe misuli. Hizi za mwisho zina kejeli ya ajabu, kwani humfanya kijana aonekane dume na papo hapo hufunga kiwanda cha mbegu zake. Kwa ujumla, upande wa mume, peke yake au pamoja na wa mke, hupatikana katika karibu nusu ya nyumba zinazokosa mtoto. Nusu, ndugu zetu. Wala jambo lenyewe si geni: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kuwa mtu mmoja katika kila sita hupatwa na shida hii katika umri wake.

Kwa mke na mume wazima walio pamoja, fursa ya kupata mimba kwa mwezi mmoja ni kama moja kwa nne au kwa tano, na wengi hupata ndani ya mwaka. Ukipita mwaka, waende hospitali; na mke akiwa amepita miaka 35, wasingoje zaidi ya miezi sita. Waende wote wawili, siku moja. Na kipimo cha mume kitangulie, kwa kuwa ndicho rahisi zaidi, hakiumi, na kinaweza kuwaokoa na gharama ya vingine vyote.

Wanaume wengi wetu hukimbia kipimo hicho kwa sababu ya namna ya kuyatoa manii, wakihofia kuingia katika haramu. Tuliwauliza masheikh wawili tunaowaamini, na wote walisema kuwa mke akimtoa mumewe kwa mkono wake hapana ubaya, kwani wao ni vazi la mmoja kwa mwenzake. Basi waombe chumba cha faragha hapo hapo hospitalini, au kama nyumba ni karibu, wafanye nyumbani na chupa ifike maabara ndani ya saa moja, imewekwa mwilini ili isipoe. Mume ajizuie siku mbili hadi saba kabla yake, wala tone lisipotee. Mpira wa kawaida usitumiwe, kwani dawa iliyomo huua mbegu. Ikiwa hesabu ni ndogo, kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu, ile miezi mitatu ya kuumbwa kwa mbegu mpya, kwa sababu hata homa kali ya malaria ya mwezi uliopita huweza kuzipunguza.

Kwa mke, zipo picha za mirija kwa eksirei, hupigwa baada ya hedhi kwisha na kabla ya yai kutoka. Na wale ambao njia zao zimefungika kabisa, wajue kuwa watoto wa kwanza wa Kenya waliotungwa nje ya mwili walizaliwa Nairobi mwezi Mei 2006, na kuwa wanazuoni wa Al-Azhar waliijuzisha njia hiyo tangu mwaka 1980 maadamu mbegu ni ya mume, yai ni la mkewe, na ndoa yao ipo hai, bila ya mtu wa tatu. Gharama yake ni kubwa mno kwa familia nyingi, na hilo ni jambo la kusemwa siku nyingine.

Tulimjibu dada yetu kwa barua ndefu yenye haya yote, tukamwomba amsomee mumewe. Mwezi wa Mfunguo Nne alituandikia tena. Walikwenda wote wawili katika hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu, ile wenyeji waiitayo Russia, wakalala kwa shangazi yake. Mirija yake iko wazi. Hesabu ya mbegu za mumewe ilikuwa ndogo, na daktari aliona mishipa iliyovimba upande wa kushoto. Amemwambia aache sigara, na kuwa baada ya kipimo cha pili wataamua kama kuna haja ya kuipasua. Mume alinyamaza njia nzima ya kurudi Kombewa.

Dada yetu alituuliza kama ni wajibu wake kumweleza mavyaa. Tulimjibu kuwa siri ya mume si yake kuitoa. Lakini barua ilipomfikia jambo lilikuwa limekwisha: usiku mmoja mumewe aliingia jikoni, akamweleza mama yake mwenyewe, kwa Kijaluo, maneno machache. Mama hakusema kitu. Asubuhi dada yetu alikuta chungu cha magome kimeondolewa mekoni, kimeoshwa na kufudikizwa juani. Habari ya mke wa pili haijatajwa tena nyumbani humo. Kipimo cha pili ni baada ya Maulidi.